Kiyoyozi hakipozi, kinavuja maji au kimeganda barafu: tuchunguze nini kabla ya kuongeza gesi? (Kigoma na Tabora)

Mwanzisha uzi, Kigoma Mjini

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila msimu wa mvua unapokaribia na hewa ya kando ya Ziwa Tanganyika inapoanza kuwa nzito, simu ninazopigiwa kutoka Mwanga, Gungu, Katubuka na Ujiji huwa na maneno yaleyale: "Fundi, kiyoyozi changu kimeishiwa gesi, njoo uniongezee." Mwenye nyumba amekwisha kutaja ugonjwa na dawa kabla ya kifuniko kufunguliwa, na mafundi wengi, kwa kuwa mteja mwenyewe ndiye aliyetamka, hufika na mtungi, hujaza, hulipwa na kuondoka. Miezi michache baadaye tatizo hurudi na mtungi hurudi. Jambo hili linaniumiza, kwa sababu katika nyumba nyingi ninazoitwa gesi haina tatizo lolote, na pale ilipopungua kweli hakuna aliyetafuta ilikotokea.

Naomba tuanzie kwenye jambo ambalo mengine yote yanalitegemea. Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika. Haiungui kama gesi ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na kiasi kilichowekwa kinapaswa kubaki kilekile kwa muda wote wa uhai wa mashine. Ikipungua, imevuja. Kuongeza bila kuziba mahali inapotokea ni kununua gesi ya kuiachia hewani.

Kiyoyozi cha ukutani ni pampu ya joto. Hakitengenezi baridi, bali kinachukua joto lililomo chumbani na kulitupa nje. Kompresa, iliyo katika sehemu ya nje, inaibana gesi hadi inakuwa na joto kali kuliko hewa ya uani. Gesi hiyo inapita kwenye koili ya nje, yaani bomba lililokunjwa mara nyingi, feni inaipuliza, inapoteza joto na kugeuka kimiminika. Kimiminika kinapita kwenye kijibomba chembamba au vali ya kupanulia, shinikizo linashuka ghafla, nacho kinakuwa baridi sana. Kikifika kwenye koili ya ndani kinachemka kwa joto la chumba chenu, kinalibeba, na kurudi kwenye kompresa kuanza upya. Katika nchi za baridi kama Norway, mashine ya namna hiyohiyo hugeuzwa mwelekeo kwa vali maalumu, ikachota joto kutoka hewa ya nje, hata ile ya baridi, na kuliingiza ndani ya nyumba.

Ukishaelewa safari hiyo utaona kwa nini ninasisitiza mpangilio wa uchunguzi. Joto haliwezi kuingia kwenye koili ya ndani kama hewa haipiti juu yake, wala haliwezi kutoka kwenye koili ya nje kama imefunikwa na vumbi. Kwa hiyo mimi huanza na hewa ya ndani, kisha hewa ya nje, kisha umeme, na gesi huja mwisho.

Kipimo cha kwanza kinaweza kufanywa na mwenye nyumba bila kufungua kitu chochote. Tafuta kipimajoto cha kawaida, hata kile cha jikoni. Washa kiyoyozi kwenye alama ya theluji, weka nyuzi 18 na feni ya kasi, kisha funga milango na usubiri dakika 15. Pima hewa inayoingia juu ya kiyoyozi, halafu pima ile inayotoka chini. Kwa kawaida tofauti huwa kati ya nyuzi 8 na 12 za Selsiasi. Ikiwa tofauti hiyo ipo na bado chumba hakipoi, mashine yako haina ubovu. Chumba kinaingiza joto kuliko uwezo wake, na hapo tatizo ni paa la bati lisilo na dari, dirisha lisilo na pazia, au mashine ndogo kwa chumba kikubwa. Ikiwa tofauti ni nyuzi 3 au 4 tu, ndipo tuanze kutafuta.

Kwenye kutafuta, fungua kifuniko cha mbele na utoe chujio. Katika nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, chujio linahitaji kuoshwa kila baada ya wiki mbili, kwa maji ya kawaida na sabuni laini, kisha likauke kivulini. Chujio likiziba hewa hupungua, koili ya ndani hushuka chini ya nyuzi sifuri, na unyevu wa hewa huganda juu yake. Barafu nayo huzuia hewa zaidi, na ndani ya saa chache umepata koili nyeupe tupu. Hapo ndipo mtu husema gesi imezidi au imekwisha. Kweli, gesi pungufu nayo huleta barafu, lakini mara nyingi huanzia upande mmoja wa koili, karibu na mahali kimiminika kinapoingilia, au kwenye bomba jembamba lililo nje. Barafu iliyotanda koili nzima kwa usawa humwelekeza fundi kwenye hewa. Kwa vyovyote vile, usiikwangue kwa kisu. Zima upozaji, acha feni peke yake ifanye kazi hadi iyeyuke, ukiwa umetandika kitambaa chini.

Karibuni kwa maswali. Nitaomba kila anayeuliza ataje mashine ni ya BTU ngapi (kipimo cha uwezo wake wa kupoza), ina umri gani, na lebo ya sehemu ya nje inataja gesi gani.

Mchangiaji, Ujiji

Fundi, shikamoo. Nashukuru kwa maelezo. Changu ni cha BTU 12000, gesi R410A, kilifungwa mwaka juzi. Kinapoza vizuri sana, lakini tangu mvua zianze kinamwaga maji ukutani hadi rangi imebanduka. Aliyekuja kukiangalia alisema gesi ni pungufu na akaongeza, ila maji bado yanatoka. Je, gesi na maji vinahusiana?

Mwanzisha uzi, Kigoma Mjini

Marahaba, ndugu yangu. Vinahusiana kwa njia moja tu: gesi ikipungua huleta barafu, barafu ikiyeyuka kwa mkupuo humwaga maji mengi kuliko kisahani cha chini kinavyoweza kupokea. Lakini wewe umesema kinapoza vizuri, nami sioni barafu katika maelezo yako. Msimu wa mvua hewa yetu hubeba unyevu mwingi, na kila unyevu unaogusa koili baridi hugeuka maji ambayo lazima yapate njia ya kwenda nje. Wakati wa kiangazi maji hayo ni machache, kwa hiyo bomba lililoziba nusu halionekani kuwa na shida. Mvua ikianza, siri hutoka.

Angalia bomba la maji linapoishia nje. Nyigu wanapenda kujenga kwa udongo ndani ya mabomba kama hayo, na ute wa kijani huota humo pia. Ondoa kizibo hicho kwa waya laini, kisha mimina maji ya uvuguvugu yenye siki kidogo kutokea kwenye kisahani. Usitumie dawa kali ya kung'arishia nguo, kwa sababu hula alumini ya koili. Halafu fuata bomba lote kwa macho: linapaswa kushuka wakati wote, angalau sentimita moja kwa kila mita, bila kupanda mahali popote, na mwisho wake usizame ndani ya ndoo ya kukingia maji. Ikiwa bomba ni safi na maji bado yanarudi, weka pima-maji ya waashi juu ya kiyoyozi. Huenda kimefungwa kikiinamia upande usio na bomba.

Kuhusu gesi uliyoongezewa, hilo linanitia wasiwasi zaidi ya maji. Kama haikuwa pungufu, sasa imezidi, na gesi ikizidi shinikizo la upande wa nje hupanda na kompresa hufanya kazi kwa taabu. Pima ile tofauti ya joto niliyoeleza. Ikiwa imeshuka kuliko zamani, au mashine inajizima mchana wa jua kali, omba gesi yote itolewe kwenye mtungi mtupu, kisha ipimwe kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye lebo.

Mchangiaji, Ipuli, Tabora

Habari za jioni, wakuu. Sisi huku Tabora shida yetu ni tofauti. Mvua bado, na mwezi huu wa Oktoba jua ni kali na vumbi halina mfano. Nina kiyoyozi cha BTU 18000 sebuleni. Asubuhi kinapoza, ikifika saa nane mchana kinajizima, kinakaa, kinawaka tena. Sehemu ya nje nimeijengea kizimba cha nondo na kuiezeka bati juu kwa ajili ya wezi. Filta nimeosha, umeme wangu naona uko sawa.

Mwanzisha uzi, Kigoma Mjini

Mkuu, asante kwa maelezo yaliyokamilika, kwa sababu jibu liko ndani yake. Kizimba chenyewe si kosa. Wizi wa sehemu za nje upo na kila mtu anaujua. Tatizo ni bati lililokaribia sana. Hewa ya moto inayopulizwa na feni inagonga, inarudi nyuma ya mashine, na kuingizwa tena ikiwa tayari ina joto. Mchana wa Oktoba, hewa ya Tabora yenyewe ikiwa imepita nyuzi 30, koili ya nje haipati pa kulitupia joto, shinikizo hupanda, na kinga ya kompresa huizima ili isiungue. Ikipoa inawaka tena. Asubuhi hali hiyo haijitokezi kwa kuwa hewa bado ni ya baridi.

Mbele ya feni pawe wazi kabisa, nondo tupu bila bati wala wavu mzito. Nyuma na pembeni acha nafasi ya kutosha hewa kuingia, na bati la juu lipandishe ili lizuie jua bila kuzuia upepo. Hapa kwetu Kigoma jua la alasiri hutokea upande wa ziwa, kwa hiyo aliyefunga mashine kwenye ukuta wa magharibi hupata shida kama yako hata bila kizimba.

Kisha osha koili ya nje. Zima swichi kuu kwanza. Ukiangalia nyuma ya mashine utaona mapezi membamba ya alumini, na kwa vumbi la Tabora nadhani yamefunikwa kama blanketi. Tumia mpira wa maji wa kawaida, ukimwaga kutokea ndani kwenda nje ili vumbi litoke lilikoingilia. Mashine ya kuoshea magari hukunja mapezi, na yakikunjwa hewa haipiti tena. Naomba utupe majibu baada ya hapo, kabla hujamwita mtu yeyote mwenye mtungi.

Mchangiaji, Kibirizi, Kigoma

Fundi, naomba kuuliza kuhusu umeme. Ukikatika na kurudi ghafla, sehemu ya nje ya kiyoyozi changu inanguruma kidogo, inanyamaza, inanguruma tena, na feni ya nje haizunguki. Si ya inveta, yaani inayobadilisha kasi ya kompresa, ni ile ya zamani ya gesi ya R22.

Mwanzisha uzi, Kigoma Mjini

Dada, izime sasa hivi na usiijaribu tena hadi ichunguzwe, kwa sababu kompresa inayonguruma bila kuzunguka hujichoma yenyewe.

Mashine za aina yako huhitaji kapasita ili kompresa na feni vianze kuzunguka. Kapasita ni kile kikopo cha mviringo chenye nyaya, na ni katika vifaa vinavyokufa mara nyingi zaidi kuliko vyote, hasa mahali ambapo umeme hupanda na kushuka. Kikivimba juu au kikivuja mafuta, kimekwisha. Hata kikionekana kizima, fundi akipime, kwa sababu hupoteza uwezo polepole. Kapasita mpya iwe na namba ileile ya mikrofaradi na volti zisizopungua zile za awali. Tafadhali usikiguse mwenyewe. Kapasita huhifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa, na lazima kwanza uondolewe kwa njia salama.

Kuhusu umeme wenyewe, volti yetu ya kawaida majumbani ni 230. Mashine nyingi huvumilia kushuka hadi 207 hivi na kupanda hadi 253, lakini kipimo chenye maana ni kile kinachochukuliwa kwenye sehemu ya nje wakati kompresa inaanza. Nimeona nyumba ambazo mita inaonyesha volti nzuri ukutani huku nje zikiwa zimeshuka mno, kwa sababu mashine ya BTU 18000 imevutiwa waya wa milimita 1.5 za mraba badala ya 2.5, au nati za kubania waya zimelegea na kuungua. Umeme ukirudi baada ya kukatika, kompresa inahitaji angalau dakika tatu ili shinikizo la pande mbili lisawazike. Viyoyozi vingi vya kisasa vina subira hiyo ndani yake. Cha kwako huenda hakina. Kifaa cha kulinda umeme kinachochelewesha kuwaka ni cha lazima kwako.

Mchangiaji, Kanyenye, Tabora

Mimi naomba kusaidiwa jambo dogo. Kiyoyozi kinatoa hewa ya joto badala ya baridi. Kimefungwa juzi tu, ni kipya kabisa, na rimoti inaonyesha alama ya jua.

Mwanzisha uzi, Kigoma Mjini

Ndugu, alama ya jua ni amri ya kupasha joto. Bonyeza kitufe cha kubadilisha hali hadi ipatikane alama ya theluji. Alama ya tone la maji ni ya kupunguza unyevu, ambayo huendesha feni polepole na haifai kwa mchana wa joto kali.

Usilichukie lile jua, hata hivyo. Usiku wa Juni na Julai Tabora huwa na baridi ya kutosha, na mashine yako ikigeuza mwelekeo hukupa joto lipatalo mara tatu ya umeme inaotumia, kwa sababu sehemu kubwa ya joto hilo imechotwa nje. Hita ya waya haiwezi kukupa zaidi ya kile ilichochukua kwenye LUKU. Ukiwasha jua, feni ya ndani itakaa kimya dakika chache ikisubiri koili ipate joto. Hilo si ubovu.

Mchangiaji, Ipuli, Tabora

Narudi na majibu, mkuu. Bati nimelipandisha, mbele nimeacha wazi, na koili nimeiosha. Maji yaliyotoka yalikuwa matope. Kiyoyozi hakijizimi tena mchana. Ila tofauti ya joto ni nyuzi 5 tu. Nilipokagua sehemu ya nje niliona mafuta kidogo yamenata na vumbi kwenye nati ya bomba jembamba.

Mwanzisha uzi, Kigoma Mjini

Hapo sasa, mkuu, ndipo neno gesi linapopata haki yake. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo panapoonekana mafuta kwenye kiungio, gesi inatoka hapo. Paka povu zito la sabuni juu ya nati hiyo mashine ikiwa imezimwa, utaona mapovu yakichomoza. Mara nyingi sababu ni mdomo wa bomba la shaba uliopanuliwa vibaya siku ya kufunga, au nati iliyokazwa kupita kiasi hadi shaba ikapasuka. Kuikaza zaidi hakutasaidia.

Kazi itakayofanywa ifuate njia hii. Gesi iliyobaki ikusanywe, isiachiwe hewani. R22 huharibu tabaka la ozoni, na ndiyo maana inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. R410A haiharibu ozoni, lakini kilo yake moja hupasha dunia joto zaidi ya mara 2000 ya kilo moja ya kaboni dioksidi, na ni gesi za kundi hilo zilizoshughulikiwa na marekebisho yaliyopitishwa hapo jirani Kigali, Oktoba 2016. Kisha mdomo wa bomba ukatwe na kupanuliwa upya, na mabomba yajazwe nitrojeni kavu ili kuthibitisha kwamba hayavuji. Nasema nitrojeni kwa herufi nzito: fundi akija na mtungi wa oksijeni wa kuchomelea, mzuie mlangoni. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka, na imeua mafundi. Vivyo hivyo asijaze gesi ya kupikia katika mashine isiyotengenezwa kwa ajili yake.

Baada ya hapo pampu ya vakyumu itoe hewa na unyevu wote, kisha gesi iingizwe kwa mizani. R410A ni mchanganyiko, hivyo huingizwa ikiwa kimiminika. Shinikizo lake ni kubwa kuliko la R22 kwa takribani asilimia 60, kwa hiyo geji na mipira iwe inayostahimili hilo. Kama lebo yako inasema R32, pasiwe na sigara wala moto karibu, kwa sababu hushika moto.

Mchangiaji, Isevya, Tabora

Naongezea kidogo kama fundi mwenzenu. Huku sisimizi huingia kwenye swichi ya sumaku ya sehemu ya nje, wakabanwa kati ya vidole vyake, na mashine ikakataa kuwaka. Mijusi nao hukauka juu ya bodi na kuunganisha njia za umeme. Nimekuta viyoyozi vimetangazwa kuwa vibovu kwa sababu ya mjusi mmoja.

Mwanzisha uzi, Kigoma Mjini

Ni kweli kabisa, na nashukuru, fundi. Watu wasipulizie dawa ya wadudu ndani ya boksi hilo: nyingi hushika moto, na mabaki yake hunata kwenye bodi. Umeme uzimwe, pasafishwe kwa brashi kavu, na matundu ya kupitishia nyaya yazibwe.

Kwa wenye taa zinazopepesa au maandishi kama E1 na F3, maana yake hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo msichukue jibu la mashine ya jirani. Andikeni hapa aina, namba ya modeli na maandishi yenyewe. Na kwa kuwa vipuri vingi huku kwetu huagizwa Mwanza au Dar es Salaam na kurudisha kisichofaa ni gharama, pigeni picha ya lebo ya sehemu ya ndani, lebo ya sehemu ya nje, na kile kifaa kilichoharibika kabla hakijafunguliwa nyaya, picha zote tatu, ndipo mtume fedha.